Mwenye njaa husaini chochote: haki isiyoondosheka bila chakula ni haki gani?

Kalamu Nzito

Wakuu, kila mjadala wa haki ukianza, haichukui muda kabla mtu hajatupa hii: "Haki gani hizo zisizoondosheka wakati zinaondolewa kila siku? Watu wanafungwa bila kesi, wanateswa, wanatimuliwa kwenye ardhi yao. Zingekuwa haziondosheki, zisingeondoka." Akishasema hivyo anaegemea kiti kama mtu aliyefunga mjadala.

Hajafunga chochote. Amechanganya kunyang'anywa na kutoa mwenyewe. Baiskeli yako ikiibwa bado ni yako, mwizi anaipanda tu, ndiyo maana anayetafutwa ni yeye na si wewe. Lakini baiskeli unaweza kuiuza, na ukishaiuza huna dai tena. Haki tunayosema haiondosheki ni ile ambayo hata wewe mwenyewe, akili timamu, kalamu mkononi na mashahidi pembeni, huwezi kuiuza. Mkataba wa kujiuza utumwani ni karatasi tupu hata kama uliusaini huku unacheka. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inakataza utumwa bila kuuliza kama mtumwa alikubali.

Wanafalsafa hapo hawakukubaliana. Locke alisema mtu hana mamlaka juu ya uhai wake mwenyewe, kwa hiyo hawezi kumpa mwingine mamlaka asiyokuwa nayo. Mill mwaka 1859 akasema uhuru hauwezi kutumika kujivua uhuru. Nozick, mwaka 1974, akaenda upande wa pili kabisa: jamii huru imruhusu mtu kujiuza akitaka. Simpendi kwa hilo, ila hakuogopa kufika mwisho wa hoja yake. Ukiamini mtu anajimiliki kama anavyomiliki mali, lazima ukubali anaweza kujipiga mnada.

Sasa swali langu. Katika historia, ni nani aliyejiuza? Sijasikia tajiri aliyefanya hivyo kwa kuchoka na utajiri. Athene, takriban mwaka 594 kabla ya Kristo, Solon, mtunga sheria wa mji huo, alikuta wakulima waliokopa kwa kuweka rehani miili yao. Mazao yakikataa, mkopaji anakuwa mtumwa. Alifuta madeni hayo na kupiga marufuku mtu kuwa dhamana ya mkopo. Zaidi ya miaka 2,500 baadaye, mwaka 1956, Umoja wa Mataifa ulilazimika kuandika mkataba wa nyongeza dhidi ya utumwa na kuutaja utumwa wa deni kwa jina lake. Kwa nini uutaje, wakati utumwa ulishakatazwa? Kwa sababu kwenye utumwa wa deni kila mara kuna mtu wa kukwambia "alikubali mwenyewe".

Kinachomfanya mtu atoe asichopaswa kutoa ni tumbo, ugonjwa na kukosa pa kulala. Ukimwambia haki yako haiuziki, kisha ukamwacha mahali ambapo kuiuza ndiyo njia pekee ya kula, maneno yako hayana uzito. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba chakula, maji, makazi na matibabu ya kuokoa maisha si nyongeza ya haki. Ndivyo vinavyozuia hizo nyingine zisiende sokoni.

Karibuni. Matusi hapana.

Jiwe la Pembeni

Mkuu umeanza vizuri, umeteleza ulipofika jikoni.

Haki yako ya kutoteswa hainigharimu kitu. Nakaa kwangu, mikono mfukoni, nimeshaitimiza kwa watu wote duniani kwa wakati mmoja. Haki ya chakula haiko hivyo. Lazima mtu alime, mtu asafirishe, mtu alipe. Mkulima akisema leo silimi, utamfanya nini? Ukimlazimisha umemgeuza mtumwa ili kutimiza haki ya mwingine, na ulichoanza kukitetea umekiua kwa mkono wako.

Na mwanafalsafa Mwingereza Bentham aliwajibu watu wa namna yako zamani, Wafaransa walipotoa tamko lao la haki la 1789. Alisema sababu za kutamani haki ziwepo siyo haki zenyewe, uhitaji si ugavi, njaa si mkate. Kuhitaji sana hakukupi hati ya kudai.

Halafu huyo Locke unayemwita shahidi alitaja uhai, uhuru na mali. Mali, mkuu. Hakutaja sahani ya bure.

Wakili wa Jioni

Jiwe, kwa Locke umeruka ukurasa. Kwenye ile risala yake ya kwanza ya utawala, ambayo watu wengi wanairuka kwenda ya pili, aya ya 42, anasema Mungu hakumwacha mtu chini ya huruma ya mwenzake kiasi cha kufa njaa. Anasema mwenye dhiki kuu ana *dai* juu ya ziada ya mwenye nacho, kiasi cha kumwokoa na hali hiyo akiwa hana njia nyingine ya kuishi. Na kwenye aya hiyohiyo anakataza kutumia dhiki ya mtu kumfanya awe kibaraka wako. Yaani hoja ya Kalamu Nzito ya mtu kusaini kwa njaa, Locke alikuwa nayo karne ya 17.

Kuhusu gharama, haki ya kesi ya haki unaikubali, sivyo? Ibara ya 14 ya mkataba huohuo wa haki za kiraia inampa mshtakiwa asiye na uwezo wakili bila malipo pale haki inapohitaji hivyo, na mkalimani bure kama haelewi lugha ya mahakama. Mkalimani naye ni mtu, anakula, analipwa. Sijawahi kukusikia ukisema mkalimani wa mahakama ni mtumwa wa mshtakiwa. Kodi inalipa, yeye anafanya kazi aliyoiomba. Mkulima kadhalika, ananunuliwa mazao. Hiyo picha ya mkulima mwenye pingu mmeichora wenyewe ili muiogope.

Mpita Njia

Kodi ni wizi wenye stakabadhi. Tuanzie hapo 😂

Kalamu Nzito

Mpita Njia, basi na polisi wanaolinda mali yako wanalipwa kwa fedha za wizi. Wafukuze kwanza, tutaendelea kesho.

Msomi Mvivu

Niongeze historia kidogo, maana watu wanadhani huu mgawanyiko wa "haki za kweli" na "haki za tumbo" uliletwa na akili tupu. Uliletwa na siasa.

Desemba 10, 1948 Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipita kwa kura 48, hakuna iliyopinga, 8 hazikuegemea upande. Ndani yake hakuna ukuta. Ibara ya 5 inakataza mateso, ibara ya 25 inataja chakula, mavazi, nyumba na matibabu, zote karatasi moja. Ilipofika kuligeuza tamko kuwa sheria inayofunga, vita baridi vilikuwa vimeingia chumbani. Mwaka 1966 ikatoka mikataba miwili badala ya mmoja. Wa kiraia unadai utekelezaji moja kwa moja. Wa kiuchumi na kijamii, ibara ya 2, unasema hatua kwa hatua, kwa kadiri ya rasilimali zilizopo. Hilo "hatua kwa hatua" serikali nyingi zimelitumia kama kitanda.

Marekani iliusaini ule wa kiuchumi mwaka 1977, hadi leo haijauridhia. China iliusaini ule wa kiraia mwaka 1998, nao haijauridhia, ila wa kiuchumi iliuridhia mwaka 2001. Kila mkubwa amebeba nusu anayoipenda na kuiita nzima.

Na wazo la chakula kama deni la jamii si la Wasovieti kama wengi wanavyodhani. Tamko la haki lililotangulia katiba ya Ufaransa ya 1793 linasema misaada ya umma ni deni takatifu na jamii inadaiwa riziki na raia wake wenye shida. Katiba hiyo haikuwahi kutumika hata siku moja, lakini iliandikwa.

Muuguzi wa Zamu

Nimewasoma wote. Mnazungumzia mkate kama kwamba tatizo ni mtu mwenye mikate mia na jirani asiye nao. Mimi nawaletea mfano mgumu zaidi, mnijibu.

Afrika Kusini, 1997, kesi ya Soobramoney. Mgonjwa mwenye kisukari, moyo wenye matatizo, na figo zote zimefeli. Alikuwa akilipia kusafishwa damu hospitali binafsi hadi fedha zikaisha. Akaenda hospitali ya serikali ya Addington, Durban. Kitengo kilikuwa na mashine 20, nyingine chakavu. Kila mgonjwa anakaa kwenye mashine saa nne, kisha mashine inahitaji saa mbili kusafishwa kabla ya mwingine. Na kitengo hicho kilitegemewa na jimbo zima na zaidi. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu: wagonjwa sugu wanaopewa kipaumbele ni wanaofaa kupandikizwa figo. Yeye kwa sababu ya moyo hakufaa.

Katiba ya nchi ile inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Akaenda mahakamani hadi Mahakama ya Katiba, kwa msingi wa haki ya uhai na hiyo ya dharura. Akashindwa. Mahakama ilisema ugonjwa wa kudumu si dharura kwa maana ya kifungu hicho, na kwamba utaratibu wa hospitali ulikuwa wa busara na ulitumika kwa haki. Alifariki muda mfupi baada ya hukumu.

Anayejua kazi ya wodini anajua orodha ya namna ile inavyopangwa. Hakuna mtu mbaya chumbani. Daktari anajua akimweka huyu, anamtoa yule. Sasa niambieni, haki yake ya uhai ilikuwa wapi? Na nani aliivunja?

Jiwe la Pembeni

Asante Muuguzi, umenimalizia kazi. Haki inayotegemea idadi ya mashine ni ratiba, si haki. Katazo la mateso halitegemei bajeti. Nchi ikifilisika asubuhi, jioni bado haina ruhusa ya kutesa mtu. Lakini ikifilisika, "haki ya matibabu" inayeyuka. Kitu kinachoyeyuka mkikiita hakiondosheki mnawadanganya wagonjwa.

Kalamu Nzito

Jiwe, hiyo ndiyo hoja yako nzito kuliko zote humu, na sitaizunguka.

Ila angalia ilichofanya mahakama ileile miaka michache baadaye. Mwaka 2002, kesi ya dawa ya nevirapine, inayopunguza hatari ya mama mwenye VVU kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Mtengenezaji alikuwa ameahidi kuitoa bure kwa miaka mitano. Serikali ikaifungia kwenye vituo viwili vya majaribio kwa kila jimbo. Madaktari wa hospitali nyingine za umma, wenye uwezo wa kuitoa na mama yuko mbele yao, wamekatazwa. Mahakama ikaamuru zuio liondolewe.

Weka kesi hizo mbili pamoja. Ya kwanza serikali ilisema *hatuna*, na ilithibitisha kwamba haina. Ya pili ilikuwa *tunayo lakini hatutoi*. Kama matibabu yangekuwa hisani tu, kesi zote mbili zingekuwa na jibu moja, maana mfadhili hadaiwi maelezo. Kuna tofauti kati yao kwa sababu kuna dai. Upungufu unaahirisha dai. Unampa mdaiwa udhuru, tena udhuru anaopaswa kuuthibitisha kwa hesabu mbele ya hakimu. Mashine ya 21 ikinunuliwa, hakuna anayehitaji kuanza upya kubishana kama mgonjwa anastahili kufikiriwa.

Kwa hiyo Muuguzi, jibu langu: haki ilikuwepo, hakuna aliyeivunja chumbani mle, na bado kulikuwa na hasara ambayo mtu wa bajeti alipaswa kuisimamia na kuieleza. Najua jibu hili halimfariji mtu. Ndivyo lilivyo.

Muuguzi wa Zamu

Halimfariji. Ila nimekuelewa. Tatizo langu ni kwamba "thibitisha huna" ni mtihani ambao serikali inajiandikia na kujisahihishia. Nani anakagua kwamba fedha za mashine hazikwenda kwenye misafara?

Wakili wa Jioni

Muuguzi, hapo ndipo Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kiuchumi ilipojaribu kuweka sakafu, mwaka 1990. Ilisema kuna kiwango cha chini kabisa, chakula cha lazima, matibabu ya msingi, malazi ya msingi, ambacho nchi ikishindwa kukifikia kwa watu wengi inahesabiwa kwanza kuwa imevunja mkataba, na ni juu yake kuonyesha ilitumia kila ilicho nacho. Mzigo wa uthibitisho umehama. Mahakama ya Afrika Kusini kwenye kesi ya Grootboom, mwaka 2000, haikuikubali hiyo sakafu. Ilitumia kipimo cha busara: mpango wa nyumba wa serikali ulikosa chochote kwa ajili ya wale wasio na paa kabisa leo, kwa hiyo haukuwa wa busara. Ushindi mkubwa kwenye vitabu vya sheria. Mama aliyeipa kesi ile jina alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kwenye kibanda. Mimi kati ya vipimo hivyo viwili naegemea sakafu.

Sasa Jiwe, kwenye "inayeyuka". Unachanganya *haiondosheki* na *haina mipaka*. Uhuru wa kutembea unaukubali ni haki, na bado karantini inakuzuia ndani. Mkataba wa kiraia, ibara ya 4, unaruhusu haki nyingi kusimamishwa wakati wa dharura inayotishia taifa, ukiwemo uhuru wa kusema na kukusanyika. Zisizoguswa ni chache: uhai, mateso, utumwa, kutofungwa kwa sababu tu umeshindwa kutimiza mkataba, na nyingine kadhaa. Ukifuata kipimo chako, uhuru wa kusema nao ni ratiba.

Na hiyo mikono yako mfukoni ndiyo inayodaiwa mara nyingi zaidi hata kwenye chakula. Mwanafalsafa Henry Shue mwaka 1980 alizitenganisha kazi tatu: usimwondolee mtu riziki, mlinde asiondolewe na mwingine, na msaidie aliyekwisha kuondolewa. Ya kwanza haina gharama. Mwaka 2001 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Waogoni dhidi ya Nigeria. Mafuta yalikuwa yamechafua udongo na maji, na vikosi vya serikali vimechoma vijiji na kuharibu mazao. Mkataba wa Afrika wa 1981 hautaji haki ya chakula kwa jina, wala ya makazi. Tume ikasema zimo ndani ya uhai, afya na mali. Waogoni hawakuwa wanaomba sahani ya bure, mkuu. Walikuwa wanaomba serikali iache kuharibu walichokuwa wanakula.

Kinda la Hoja

Shikamooni wakubwa. Nina swali, msinicheke. Kama haki ya uhai haiwezi kutolewa hata na mwenyewe, mfungwa anayegoma kula je? Na mgonjwa anayekataa upasuaji? Si wanaitoa?

Kalamu Nzito

Marahaba. Hakuna wa kukucheka, hilo swali limewatoa jasho watu wazima.

Kutoitumia haki si kuihamisha. Anayegoma kula leo anaweza kuomba uji kesho asubuhi, na akiomba ni lazima apewe. Hajampa askari wa gereza mamlaka juu ya uhai wake. Anayejiuza utumwani hawezi kubadili nia kesho, na hapo ndipo pa kutazama. Ndiyo maana Chama cha Madaktari Duniani, kwenye Azimio la Malta la 1991, lililorekebishwa mwaka 2006, kinawakataza madaktari kumlisha kwa nguvu mgomaji mwenye akili timamu. Mlango wa kurudi ukibaki kwake, haki bado ni yake.

Mpita Njia

Nimekuja kwa utani ila nina kitu. Italia, 2016, mahakama ya juu ya rufani ilimfutia hatia mtu asiye na makazi aliyechukua jibini na soseji dukani Genoa, thamani yake yuro 4 na ushee. Alikuwa amehukumiwa miezi sita jela na faini. Majaji wakasema kuchukua chakula kidogo kwa haja ya haraka isiyokwepeka si kosa. Sasa Jiwe, mwenye duka alikuwa na haki ya mali. Ilienda wapi?

Jiwe la Pembeni

Haikwenda popote. Mahakama ilimsamehe mtu adhabu, haikumwamuru mwenye duka ampakulie. Kuna umbali mkubwa hapo.

Wakili wa Jioni

Haikuwa msamaha. Walisema *si kosa*. Msamaha unamhusu mkosaji. Mwanatheolojia Thomas Aquinas alishafika hapo karne ya 13: katika dhiki iliyo dhahiri na ya haraka, anayechukua cha kumwokoa hajaiba, maana dhiki imekifanya kitu kile kuwa cha wote.

Jiwe la Pembeni

Sawa, tupunguze kelele. Kazi ya kwanza ya Shue naikubali, usimharibie mtu riziki. Ya pili pia, nalipa kodi ya polisi kwa sababu hiyo. Ya tatu naiita wema, na wema mimi sina ugomvi nao. Ila nijibiwe hili moja na mtu asikimbilie historia: nchi maskini ambayo kweli haina, si kwa wizi wala misafara, haina tu. Mwenye njaa ndani yake anamdai nani? Dai lisilo na mdaiwa ni nini?

Msomi Mvivu

Mkataba wa kiuchumi, ibara ya 2, unataja "msaada na ushirikiano wa kimataifa". Kwa hiyo kwenye karatasi mdaiwa wa pili ni nchi zenye nacho. Na tangu Mei 2013 kuna itifaki inayomruhusu mtu binafsi kupeleka malalamiko kwenye ile Kamati baada ya kumaliza mahakama za kwao, kama nchi yake imeiridhia. Lakini anamlalamikia nani? Nchi yake. Ile ile isiyo nacho. Ya kumlalamikia tajiri wa mbali kwa sababu hakusaidia haijaandikwa.

Jiwe la Pembeni

Ndicho nilichosema.

Kalamu Nzito

Hapana, Jiwe. Ulisema hakuna mdaiwa. Msomi amekuonyesha mdaiwa yupo, isipokuwa hana mahakama ya kumwita. Hata mtumwa wa mwaka 1776, wakati Jefferson anaandika kwenye Tamko la Uhuru la Marekani kwamba watu wote wameumbwa sawa huku akimiliki watu zaidi ya mia moja, hakuwa na mahakama ya kumwita bwana wake. Unataka kuniambia siku ile hakuwa anamdai mtu?

Jiwe la Pembeni

Yule alikuwa na mtu aliyemshika mkono. Wa njaa hajashikwa na mtu. Nitarudi baadaye, zamu imeanza.

Muuguzi wa Zamu

Ukirudi, Jiwe, anza na ile orodha ya mashine. Hujanijibu nani akague.